Gari Bovu Uani: Ni la Nani, na Nani Aliondoe?

Mwezi huu tunaanza na habari ya mtoto mmoja, kisha tutaingia katika sheria.

Mwaka juzi, katika kijiji kimoja cha upande wa Kahama ambacho hatutakitaja jina, watoto wanne walikuwa wakicheza kombolela baada ya kutoka shule. Ilikuwa kiangazi, saa nane mchana, na jua la Usukumani mnalijua. Mmoja wao, mvulana wa miaka mitano, alifikiri amepata maficho ambayo hakuna atakayeyagundua. Uani kwa bibi yake kulikuwa na pikapu ya zamani iliyowekwa juu ya mawe, haina matairi ya mbele, haina injini. Akaingia, akavuta mlango ukajifunga. Kitasa cha ndani kilikwisha kung'oka miaka mingi. Vioo vilikuwa vimepandishwa ili kuku wasiende kutaga humo.

Wenzake walimtafuta, wakachoka, wakadhani amerudi nyumbani. Aliyemwokoa ni bibi yake, aliyekuwa anaanika michembe nyuma ya nyumba akasikia kitu kinagonga kidogokidogo kama jogoo anayedonoa bati. Alipofungua mlango mtoto alikuwa ametepeta, ngozi inawaka moto, hana jasho hata tone. Kwa bahati kulikuwa na jirani mwenye baiskeli na zahanati haikuwa mbali. Mtoto alipona. Leo yuko darasa la kwanza.

Hatuandiki habari hii ili kuilaumu nyumba ile. Pikapu ilikuwa ya babu wa mtoto, marehemu tangu mwaka 2013, mtu aliyebeba pamba kwa gari lile na baadaye akabeba watu wa kwenda machimboni. Alipofariki aliacha wana watatu. Mmoja alitaka gari lifufuliwe. Wa pili alitaka liuzwe vipande. Wa tatu, aliyeko Mwanza, kila akipigiwa simu alisema wamsubiri aje. Basi likakaa, na nyasi zikaota mpaka madirishani.

Ukisafiri kwa barabara itokayo Kahama kuelekea Kakola hadi Geita, au ukizunguka vitongoji vya Shinyanga mjini, utayaona magari ya namna hiyo. Mengine yako nyuma ya gereji, yamepangwa kama ng'ombe zizini. Mengine yako kando ya vituo vya polisi, yamegongana na sasa yanasubiri kesi zake. Machimbo yameongeza idadi. Panapotokea mfumuko wa dhahabu, magari makuukuu hupelekwa huko kwa wingi kwa sababu njia ni mbaya na hakuna anayetaka kuharibu gari jipya. Dhahabu ikiisha watu huondoka na gari likabaki. Nayo si mambo ya jana: wazee wetu wanakumbuka matrekta ya ushirika ya miaka ya 1960 yaliyoletwa kulima mashamba ya pamba, na jinsi mengi yalivyoishia porini yakiota kutu.

Kwa hiyo tuliuliza swali lile ambalo bibi yule alimwuliza bwana afya alipofika nyumbani kwake siku ya pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Najua umekuja kwa ajili ya hilo gari. Lakini mimi silo langu. Ni la marehemu, na wenyewe ni watoto. Sasa nani aliondoe?"

Sheria inasemaje

Nchini kwetu hakuna kitabu kimoja cha sheria ya magari mabovu. Maneno yake yametawanyika katika sheria kadhaa, na pengine ndiyo sababu watu hudhani hayapo kabisa.

Iliyo pana kuliko zote ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuwa katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 6 kinaongeza wajibu: kila mtu anayeishi Tanzania analazimika kuyalinda mazingira hayo. Hakisemi "mwenye mali", wala "mwenye kiwanda". Kinasema kila mtu. Sheria hiyo hiyo inazipa halmashauri kazi ya kusimamia taka ngumu katika maeneo yao, na kanuni za taka ngumu zilizofuata mwaka 2009 zikaeleza namna ya kuzikusanya, kuzisafirisha na kuzitupa.

Lakini inayojibu swali la bibi ni Sheria ya Afya ya Umma, Namba 1 ya mwaka 2009. Humo kuna neno "kero". Katika lugha ya sheria, kero siyo kelele za jirani tu. Ni hali yoyote ya mahali, nyumba, shimo, mrundikano wa taka au chombo kinachotuamisha maji, inayoweza kudhuru afya ya watu. Afisa afya akiiona kero ana mamlaka ya kumpa aliyeisababisha ilani ya maandishi, akimtaka aiondoe katika muda uliotajwa. Na kama aliyeisababisha hapatikani? Hapo ilani huenda kwa anayekaa mahali pale au mwenye mahali pale. Akipuuza, anaweza kufikishwa mahakamani, na halmashauri inaweza kuiondoa yenyewe kisha ikadai gharama.

Jibu basi ni hili. Gari linaweza kuwa la marehemu, la shemeji, au la tajiri aliyehama akaacha kuagiza tu kwamba atarudi. Kero ni ya yule ambaye gari limekaa uani kwake. Tunajua maneno haya ni mazito kwa mjane. Hata bwana afya aliyasema kwa kusitasita. Lakini ukiyageuza utaona yana faida: yanampa mjane sauti mbele ya watoto wake wanaovutana. Anaweza kuwaita na kuwaambia kwamba ilani imeandikwa jina lake, na faini ikija itamkuta yeye.

Kuhusu barabarani mambo yako wazi zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuacha gari mahali linapohatarisha au kuzuia wengine. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inalinda eneo la hifadhi, ambalo kwa barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. TANROADS, na TARURA kwa barabara za wilaya tangu mwaka 2017, wana haki ya kuondoa kilichowekwa humo bila kibali. Hapa tuongeze jambo ambalo si gari lakini linaua kama gari. Lori likiharibika, dereva hukata matawi akayapanga njiani, na chini ya tairi akaweka mawe makubwa. Likitengemaa anaondoka. Matawi yanabaki, mawe yanabaki. Usiku mwendesha pikipiki anakuja na taa moja dhaifu. Mawe yale ni taka kama taka nyingine, na aliyeyaweka ndiye mwenye wajibu wa kuyaondoa.

Tena kuna sheria ndogo. Kila halmashauri ina zake za usafi wa mazingira, zenye faini zake. Manispaa ya Moshi ilijipatia sifa nchini kote kwa kutoza shilingi 50,000 kwa mtu anayetupa taka ovyo, na hata abiria wa mabasi hufunga midomo ya mifuko yao wakikaribia mji ule. Watu wengi hawajui kwamba kijiji nacho kinaweza. Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka 1982, inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, nazo zikipitishwa na halmashauri ya wilaya zina nguvu kamili. Kijiji kikiamua katika mkutano wake kwamba gari lisilotembea halitakaa uani zaidi ya miezi kadhaa bila kufunikwa na kufungwa milango, kinaweza kuanza safari ya kuligeuza neno hilo kuwa sheria.

Wala tusidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Marekani, nchi inayotengeneza magari mengi, kila jimbo limelazimika kutunga sheria yake ya magari yaliyotelekezwa. Mwaka 1965 nchi ile ilitunga sheria ya kupamba barabara kuu, iliyosukumwa sana na mke wa Rais Johnson, na sehemu moja nzima ya sheria hiyo ilihusu makaburi ya magari: yaliyo ndani ya futi 1,000 kutoka barabara kuu, yaani kama mita 300, yafichwe kwa uzio au miti, au yaondolewe. Wao walianza kwa kuchukizwa na sura mbaya ya barabara. Sisi tuna sababu zaidi ya sura.

Gari limekufa, hatari zake bado hai

Ya kwanza ni ile iliyompata mvulana wetu. Gari lililofungwa vioo likikaa juani, joto la ndani hupanda kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 20, na mwili wa mtoto hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima mara tatu hadi tano. Ukimkuta mtoto katika hali hiyo, mtoe kivulini, mvue nguo, mlowanishe mwili mzima kwa maji ya kawaida na umpepee bila kukoma. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe maji kidogokidogo. Usimpe chochote kwa nguvu. Kisha mpeleke zahanati, na mkiwa njiani muendelee kumlowanisha. Na kama gari bovu lipo uani leo, jambo la kufanya kabla ya jua kuzama halihitaji fedha: ng'oeni milango, au ifungeni kwa waya wa nguvu asiingie mtu.

Ya pili ni kutu na vioo. Bati la gari lililooza hukata kama wembe. Mtoto akikatwa, oshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kisha aende akaangaliwe kuhusu pepopunda. Chanjo ya pepopunda ni miongoni mwa zile anazopewa mtoto katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndiyo sababu kadi ya kliniki isitupwe mtoto akishaanza kutembea. Jeraha lisipakwe oili chafu. Tunasema hivi kwa sababu tumeona ikifanyika, na aliyepaka aliapa kwamba baba yake alikuwa akifanya hivyo. Oili chafu ina uchafu wa vyuma na sumu zilizotokana na kuungua ndani ya injini. Haifai kwa kidonda cha mtu wala cha ng'ombe, na ikimwagwa chini huelekea kisimani.

Nyoka nao hupenda gofu la gari: lina kivuli, lina panya, halina kelele.

Halafu kuna maji. Tairi lililolala chini hukusanya maji ya mvua, na hata ukiliinua ukalisimamisha, kiasi kinabaki ndani ya ukingo wake. Hapa tuseme kweli yote. Mbu aenezaye malaria hapendi sana matairi. Yeye hutafuta madimbwi ya ardhini yaliyo wazi kwa jua, kama vile nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, mifereji iliyochimbwa na magurudumu, na mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa. Hayo kwetu ni mengi mno, na si ajabu kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa kiasi cha asilimia 16 ya watoto wadogo waliopimwa mkoani Shinyanga, wakati kwa nchi nzima ilikuwa kama asilimia 8. Anayependa tairi, kopo, kifuu na paa la gari lililobonyea ni mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyo ndiye aletaye homa ya dengue, chikungunya na homa ya manjano. Dar es Salaam ilipigwa na dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mayai ya mbu huyu hukaa makavu kwa miezi mingi yakingoja mvua. Tairi likipakiwa kwenye lori Dar es Salaam, mayai husafiri bure mpaka Geita.

Kwa hiyo mtu mwenye homa kali na maumivu ya viungo, akipimwa malaria akaonekana hana, asijinunulie dawa za maumivu ovyo dukani. Dawa kama aspirini na diklofenaki zinaweza kuongeza kutoka damu kwa mgonjwa wa dengue. Atumie parasetamoli, anywe maji mengi, arudi kwa mganga.

Lakini hatari tunayoiogopa kuliko zote ni betri. Betri ya gari ina tindikali, na ina madini ya risasi. Tumeona vijana wakivunja betri kwa shoka karibu na jiko ili wapate risasi ya kuyeyusha. Vumbi lake halina harufu, halionekani ukutani, wala mtoto halalamiki siku ile. Risasi huingia mwilini kidogokidogo kwa vidole vinavyolambwa, ikaenda kwenye damu na ubongo. Mtoto anakuwa mzito darasani, anapungukiwa damu, tumbo linamsokota, na wazazi wanasema amerogwa au ni mvivu.

Jirani zetu wa Kenya walilijua hili kwa machungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani kwa watu tangu mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake, Phyllis Omido, aligundua kwamba risasi imeingia kwa mwanawe aliyekuwa akinyonya. Akaanza kudai. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamua wananchi wale walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa kwenda huku na huku Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Hiyo ni miaka 17 tangu kiwanda kianze. Betri yako moja si kiwanda, ni kweli. Ila uwanja wako nao si mtaa mzima, na mtoto wako ndiye anayeutambaa.

Kuhusu machimbo

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, gari bovu huwa na maisha ya pili. Injini hupelekwa kuzungusha karasha, gia huinua mawe kutoka duarani, na bodi hubaki na kuwa ghala. Hatuna neno baya juu ya ufundi huo. Ni akili ya watu. Kinachotusumbua ni vitu vinavyozagaa pembeni mwake: betri za tochi zilizokwisha, madumu ya oili, na hasa mapipa.

Mitambo inayochenjua marudio hutumia sayanaidi, nayo huja katika mapipa na mifuko. Pipa likiisha ni zuri, lina mfuniko, lina rangi, na linauzwa rahisi. Mama anayehangaika na maji ya kuchota mbali analitazama kwa macho mengine kabisa. Tunaomba kwa nguvu zote: pipa au dumu lililobeba kemikali ya machimbo lisihifadhiwe maji, wala pombe, wala mahindi, hata kama limeoshwa mara saba. Sayanaidi kidogo sana huua mtu mzima katika dakika chache. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, inamtaka mwenye kemikali asimamie pia mabaki na vyombo vyake. Anayekuuzia pipa hilo amevunja sheria. Kabla ya kununua pipa lolote kuukuu sokoni, muulize lilikuwa na nini, asipojua, liache.

Na mifuko nayo? Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Anayekutwa nayo akiitumia anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote. Kwa mwuzaji ni zaidi, na kwa mtengenezaji faini hufika bilioni. Vifungashio vya dawa, vyakula vya viwandani na pembejeo havikukatazwa, na ndiyo maana bado tunaona plastiki nyingi njiani. Wafugaji hawahitaji kuelezwa: ng'ombe akichinjwa, tumboni hukutwa fundo la mifuko. Amekufa njaa huku ameshiba. Wengine wanaona afadhali kuichoma. Moshi wa plastiki ni sumu, hasa jikoni, na desturi ya kuwashia mkaa kwa kipande cha plastiki au cha tairi inafaa ikome leo.

Njia ya kuliondoa

Turudi uani kwa bibi. Bwana afya hakuandika faini. Alimpa siku 60, na akamweleza pa kuanzia, maana shida yao haikuwa kukosa mnunuzi. Shida ilikuwa kwamba kadi ya gari ina jina la marehemu.

Wengi wamekwama hapo. Mali ya marehemu haiuzwi na yeyote aliye na sauti kubwa. Ukoo hukaa kikao, ukaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo hupeleka muhtasari pamoja na cheti cha kifo mahakama ya mwanzo ili athibitishwe. Akishathibitishwa ndiye mwenye haki ya kuuza, na ndiye atakayetoa hesabu. Bila hivyo, mnunuzi mwaminifu ataogopa, na asiye mwaminifu atalichukua usiku kwa bei ya kutupa.

Sababu nyingine iliyofanya magari mengi yakae ilikuwa deni. Zamani ada ya leseni ya gari ilihesabiwa kila mwaka, hata kwa gari lililo juu ya mawe, na watu waliogopa kukanyaga ofisi ya kodi wakijua wanadaiwa malimbikizo. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ile ya kila mwaka, ikaihamishia kwenye mafuta, na kusamehe madeni ya nyuma. Mpaka leo tunakutana na wazee ambao hawajaisikia habari hiyo na bado wanaficha kadi chini ya godoro. Gari ambalo halitarudi barabarani linapasa kufutwa katika orodha ya TRA. Vibao vya namba ving'olewe visiende na chuma, kwa sababu namba yako ikionekana kwenye gari la wizi, wewe ndiye utakayeitwa kwanza.

Mnunuzi wa vyuma chakavu naye atazamwe. Sheria ya mazingira inamtaka awe na kibali. Mwulizeni awaonyeshe, mwandikiane risiti, na kazi ya kukata gari ifanyike mbali na watoto, betri ikiwa imetolewa nzima na oili imemiminwa kwenye dumu. Matairi yasichomwe, mafundi wa katambuga wanayahitaji, na anayelima mboga anaweza kuyajaza udongo.

Neno moja juu ya watoto na vyuma. Chuma kikiwa na bei, watoto huanza kuokota. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, kwa jirani zetu wa Kagera, mwanafunzi alikuja shuleni na kitu alichokiokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lilikuwa bomu la mkono. Wanafunzi watano walikufa na wengi waliumia. Mnunuzi anayepokea chuma kutoka mkononi mwa mtoto aripotiwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, hata kama ni rafiki wa kila mtu.

Na kama gari lililo karibu nawe siyo lako, na mwenyewe hasikii? Usilichome, usilivunje, hapo utakuwa wewe mkosaji. Mwone kwanza mwenyewe, ikiwezekana ukiwa na wazee wawili wa jumuiya. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na kwa mtendaji, ukaandikishe malalamiko. Mwombe bwana afya wa kata afike akague. Weka nakala ya barua. Tangu Desemba 9, 2015, siku ambayo sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi wakati kipindupindu kikiwa kimeenea, tumezoea usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo viongozi wote wapo nje na fagio. Ni siku nzuri ya kuwaonyesha gari lenyewe kwa kidole, badala ya kufagia kulizunguka.

Wana watatu wa marehemu walikaa kikao, na yule wa Mwanza akaja. Ilichukua muda zaidi ya siku 60, na bwana afya akaongeza mwezi. Pikapu ilipimwa kwa kilo, ikakatwa, ikaenda. Fedha haikuwa nyingi. Ilinunua mabati kumi na sare za shule za wajukuu. Boneti ilibaki, sasa ni mlango wa banda la kuku. Kiti cha mbele bibi alikataa kisiuzwe. Amekiweka chini ya mwembe, pale marehemu alipokuwa akipumzika, na jioni hukikalia akichambua mboga. Bwana afya alipopita mara ya mwisho alikitazama, akakiinamia kuona kama kuna panya, akasema, "Haya, bibi, hiki kibaki."